Kichwa cha Mize Kwenye Paja la Mwingine

Kengeja, Alhamisi, Novemba 1959. Mvua ya vuli, ile ndogo ndogo isiyolowesha shamba wala kuacha nguo ikauke.

Ijulikane kwa kila anayehusika, aliye hai na atakayezaliwa, ya kuwa leo hii, baada ya sala ya alfajiri na kabla ya chai ya kwanza, jicho la kushoto la Siti binti Haji, mjane, mshona kofia na mng'oa vikope wa Kengeja, limeota chokea.

Kope la juu, karibu na pembe ya nje. Ukubwa wa punje ya mtama. Nikipepesa linauma, nisipopepesa linauma vile vile, kwa hiyo napepesa.

Chokea si ugonjwa wa kuandikia daftari. Nimeona chokea nyingi kuliko harusi. Ni kijipu tu kilichojichagulia mahali pa ovyo, penye shina la unywele wa kope. Unakikanda kwa kitambaa cha maji ya moto, unakiacha, kinatoa mdomo, kinapasuka, kinakwenda zake. Asiyejua hukiminya, na uso ukishavimba hadi shavuni ndipo anapokuja kwangu kulia.

Lakini wanawake wa hapa wana neno lao. Wanasema chokea humpata mwenye kuchungulia yasiyomhusu. Mimi siamini. Miaka yote nimewapinga barazani kwangu, tena kwa sauti.

Basi, daftari, ngoja nikuambie nilikuwa nachungulia nini.

Kazi yangu ni vikope. Mtu huanza na macho mekundu utotoni, nzi wakitua, ndugu wakifutana kwa kanga moja, na haponi sawasawa. Kope linapata makovu kwa ndani, makovu yanalivuta, na miaka ikipita ukingo wa kope unapinduka kuelekea jichoni. Nywele zilizoumbwa kutazama nje sasa zinatazama ndani. Kila ukipepesa, zinakwaruza mboni. Mize aliwahi kujaribu kuhesabu anapepesa mara ngapi kwa siku. Alishindwa kabla hajamaliza kuchambua mchele wa mchana.

Mize binti Faki ni shoga yangu. Hili niliandike mapema, maana leo nimekaribia kulisahau.

Kila Alhamisi ya tatu, baada ya Adhuhuri, Mize huja uani kwangu ili Ijumaa aiingie na macho mepesi. Natandika mkeka mahali penye mwanga. Analala, anaweka kichwa pajani mwangu. Namvuta kope kwa kidole gumba, namtafuta mkosefu, namkamata kwa kibano, namtoa. Kisha naulowesha mgongo wa mkono wake kwa maji kidogo na kuuweka unywele pale pale, juu ya ngozi yake mwenyewe, auone. Ndivyo alivyokuwa akifanya mama yangu. Wengine hung'oa wakapuliza, mgonjwa asijue kilichotoka. Mimi siibi unywele wa mtu. Mbaya ni ule mfupi, mnene, mkaidi kama bua. Mrefu uliopinda kwenda nje haung'olewi, huo ni ufagio wa jicho.

Na wakati nang'oa, Mize husema. Miaka kumi na moja kichwa chake kimelala pajani mwangu, na miaka kumi na moja sijapata kumuuliza habari. Zinakuja zenyewe. Mtu aliyefumba macho chini ya kibano hana siri. Talaka yake niliijua kabla ya mama yake. Mwanawe alipokwenda Mombasa asiage, paja langu ndilo lililolowa.

Alhamisi tatu za zamu yake zimepita, hakuja.

Ya kwanza alisema mvua. Ya pili alisema ana mgeni. Leo ilikuwa ya tatu, na asubuhi kaleta salamu kuwa kichwa kinamuuma. Kichwa kinachouma si ndicho kinachotakiwa kuja mahali pa kulazwa?

Sababu naijua. Sababu inaitwa Nesi Rukia.

Alikuja baada ya Idi Kubwa, kutoka Unguja, kwenye spitali yetu hii ya vyumba viwili. Ana tochi. Ana dawa ya mafuta ya kukamua, anatia kiasi cha punje ya mchele kwenye kope la chini. Ana nguo nyeupe ambayo sijui anaifua saa ngapi katika mvua hii. Anawafundisha watoto kunawa uso, kana kwamba sisi tulizaliwa tukiogopa maji. Haulizi mtu chama, anauliza jicho lipi, na mwaka huu wa ugomvi wa vyama hilo peke yake linatosha kumfanya mtu apendwe. Na ukutani ana picha ya kope, kubwa, ya rangi, nzima.

Hapo ndipo roho yangu iliposimama. Picha ya kope ninayo mimi.

Daftari, wewe unajua nilivyoipata elimu yangu. Mama alinirithisha kibano na mkono, basi. Alijua cha kung'oa, hakujua kwa nini. Mimi nikataka kujua kwa nini. Idi ya kuchinja, wenzangu wakigombania maini, mimi naomba kope za mbuzi. Wananipa upesi wakitazama pembeni. Nikayaona mengi. Kuna nyama iliyozunguka jicho kama kamba ya mfuko, ndiyo ifumbayo. Kuna nyingine itokayo juu, ndani ya tundu la jicho, ndiyo inyanyuayo, na hiyo ikilegea mtu hubaki na kope limeteremka kama pazia lililokatika pete. Upande wa pua kila kope lina kitundu chake, machozi hupita humo yakaingia puani. Ndiyo maana aliyeachwa na mume hulia kwa macho akapenga kwa pua. Na ukingoni kabisa, nyuma ya nywele, pana vitundu vya mafuta vimepangwa mstari mmoja kama vitobo vya kofia. Zamani nilikuwa navihesabu. Watu wa siku hizi wana kope kavu, sivioni tena vile vitundu. Nadhani ni chakula.

Halafu mwaka juzi Mzee Jiwani wa dukani akanifungia bizari kwa ukurasa wa kitabu cha madaktari. Nilipoimimina bizari, nikaona nini? Kope! Limekatwa kati kwa ubavu, kama fenesi: ngozi juu, nyama chini yake, katikati kitu kigumu kama mfupa, na mbele nywele zimesimama mstari, ndefu, zimenyooka. Maneno yalikuwa ya Kiingereza, sikuyahitaji. Nikazipa sehemu zote majina mwenyewe. Nimeubandika ndani ya jalada lako, na hakuna aliyeuona ila Mize.

Sasa Mize anatazama ya Nesi.

Jana ndipo nilipoyachungulia. Nilitoka, nikiwaambia majirani namtafuta kuku wangu aliyepotea. Sina kuku. Nikaingia kwenye migomba ya Bi Chumu inayotazamana na dirisha la spitali, nikasimama humo na maji yakinidondokea shingoni. Kulikuwa na ukungu wa mvua, sura sikuzipata vizuri, zilikuja mfano wa vivuli. Lakini kanga niliitambua. Ile tulinunua doti moja Mkoani, tukaikata, kipande chake na kipande changu, ili tukivaa sote ijulikane.

Kipande chake kilikuwa kimemfunika mtu aliyelala, na kichwa cha mtu huyo kilikuwa pajani kwa Nesi Rukia.

Sikulia. Nilipenga kamasi tu.

Nikarudi nikashona kofia kwa hasira, na hasira haishoni. Sindano za siku hizi matundu yao madogo, sijui viwandani wanabana nini. Uzi nao hauna msimamo. Kofia ya mwisho imerudishwa, ati vitobo vimekwenda upogo. Hata wewe, daftari, uliponunuliwa mistari yako ilikuwa buluu, sasa hafifu kama imechapwa kwa maziwa. Ndiyo maana herufi zangu nimezikuza. Si kwa sababu nyingine.

Niungame? Wewe hutamwambia mtu.

Jana usingizi ulipokataa nilimwombea Nesi mkono wake utetemeke. Si sana. Na nilimwombea Mize, shoga yangu, kipande cha doti yangu, jicho limuume Ijumaa hii, ili akumbuke ni nani aliyekuwa akimtuliza.

Kidogo tu.

Mtu mwenye kuomba hivyo akaamka na chokea, asilaumu nzi.

Watu watasema nende spitali. Nikamwonyeshe yule kope langu, alimulike kwa tochi, acheke? Maji ya moto ninayo, kitambaa ninacho.

Siendi.

*

Ni baada ya Alasiri. Nimekwenda.

Kitambaa kilipoa mara tatu, na mara ya nne nikajikuta nimevaa buibui. Nilijiambia naenda kukagua. Mtu huwezi kuchukia kazi usiyoiona kwa karibu.

Benchi lilikuwa na Bi Chumu, mwenye migomba, anayekaa pale kila siku kwa magoti ambayo hayajapata kuuma siku ya ngoma. Aliniona kabla sijafika kizingitini.

"Lo! Mganga kaja kugangwa! Bi Siti, hilo jicho vipi?"

"Masalkheri, Bi Chumu."

"Masalkheri. Chokea hiyo! Yakhe, ulichungulia nini?"

"Magoti yako," nikasema.

"Basi umeyaonea kwenye migomba yangu, maana nyayo zako ziko kule mpaka leo."

Nesi Rukia akatoka. Kwa karibu ni mwembamba kuliko chuki niliyomfanyia. "Shikamoo, Bi Siti," akasema, na jina langu alilijua bila ya kuambiwa. Nikaitikia marahaba kwa sauti ya mtu anayelipwa deni nusu. Akanikalisha, akanawa mikono, akanishika kope. Niseme kweli? Mkono wake hautetemeki. Nilisikitika.

"Chokea," akasema. "Maji ya moto mara nne kwa siku, na usiiminye."

"Najua."

"Najua unajua."

Nikaona nisimwache na ushindi huo. Nikamwonyesha kwa kidole ile picha yake ya ukutani, iliyokuwa ikinichezacheza kwa rangi zake, nikamuuliza ule mfupa wa ndani ya kope kauita nani. Akasema kope halina mfupa. Mfupa ni wa tundu la jicho, unaolizunguka jicho kama ukuta wa kisima. Ndani ya kope mna kigumu tu kinachopindika, mfano wa ukingo wa sikio. Nikamwambia picha yangu mimi ina mfupa. Akasema angependa kuiona. Hakusema kwa kejeli, na hilo liliniudhi zaidi.

Ndipo pazia la chumba cha pili likafunguka, na Mize akatoka na pamba juu ya jicho la kulia.

Tulitazamana, yeye kwa jicho moja zima, mimi kwa moja zima, tukiwa na macho mawili kati ya wawili. Alivaa kile kipande cha doti. Changu nilikuwa nimekivaa ndani ya buibui, na sijui kwa nini nilikikaza.

"Kichwa kimepoa?" nikamuuliza.

Nesi akajibu badala yake, na nadhani alidhani ananisaidia. Kasema mboni ya Mize imepata doa jeupe kwa kukwaruzwa. Kasema kung'oa hakutoshi tena, nywele zinaota upya kila baada ya wiki chache. Kuna daktari anakuja hospitali kubwa ya Chake Jumamosi hii, atampasua kope kwa ndani na kuugeuza ukingo utazame nje kama ulivyoumbwa. Asipokwenda, doa litatambaa, na jicho lile litazimika.

Doa.

Miaka kumi na moja pajani mwangu, hakuwa na doa. Miezi miwili kwa mwingine, doa. Hesabu ikanijia tamu, daftari, tamu kama halua. Nikasimama.

"Basi ni wewe," nikamwambia Nesi. "Ni wewe uliyemtia doa. Mtoto wa watu kaja na tochi yake kutoka Unguja, kachezea kope la shoga yangu mpaka kalichimba! Mie huyu nimemng'oa tangu wewe hujui kujifunga kanga. Aliwahi kuondoka kwangu na doa? Mize, sema! Uliwahi?"

Nesi alifungua mdomo. Mize akamshika mkono kumzuia. Nilimwona akimshika mkono, na wivu ukanipanda upya juu ya ule niliokuwa nao.

"Siti," akasema Mize, "kaa."

"Sikai."

"Basi nipe mkono wako, hata umesimama."

"Wa nini?"

"Nipe, mwenzangu."

Nikampa. Akafungua pindo la kanga yake, akatoa kikaratasi kilichokunjwa kidogo kidogo, kama wanavyofunga hirizi. Akachovya kidole kwenye bakuli la maji, akanilowesha mgongo wa mkono. Nikaelewa kuwa ananifanyia kazi yangu mwenyewe, mbele ya watu, nikaona ni kejeli.

"Haya," nikasema, "weka basi."

"Nishaweka."

Nikatazama. Niliona mishipa. Niliona alama ya moto niliyounguzwa na chungu mwaka ule wa harusi yangu. Nikausogeza mkono karibu na uso, nikaona ukungu. Nikausogeza mbali, nikaona mkono. Unywele sikuuona.

"Hujaweka kitu," nikasema.

"Huo hapo!" Bi Chumu akapaza sauti kutoka kwenye benchi. "Mrefu kama mkia wa punda! Hata mie na magoti yangu nauona!"

"Bi Chumu, tafadhali," Nesi akasema.

Mize hakucheka. Kaniambia kwa sauti ya chini, ile ya pajani, ambayo wengine hawaisikii. "Huo ulining'oa wewe baada ya Maulidi. Na hizi nyingine zote humu. Ndefu tupu, Siti. Nzuri zangu umezimaliza, mbaya umeniachia. Kila Alhamisi nautazama mkono wangu naona umenitolea ufagio, na miiba imebaki ndani."

"Na hukunambia?"

"Ningekwambiaje? Wewe kazi yako ndiyo macho."

"Ungenambia, ningeweka kibano chini."

"Ndiyo," akasema Mize. "Ungekiweka. Na mie Alhamisi ningekwenda kulala wapi?"

Nilikaa, bila ya kuambiwa mara ya pili.

Kwa hiyo hesabu yangu ilikuwa sahihi, ila nilikosea jina. Doa lile lilianza pajani mwangu. Nilipokuwa nikimwombea jicho limuume kidogo, lilikuwa limeshaniitikia tangu Maulidi, na yeye akinyamaza, akilowesha mkono, akisema ahsante shoga, akipuliza nywele zake nzuri kwenye kikaratasi ili nisijue nimeng'oa zipi. Alistahamili mpaka alipoanza kuona moshi mahali pasipo na moto. Ndipo alipokwenda spitali, na akaona afadhali nimdhanie msaliti kuliko nijijue.

Niliwahi kusema kwamba mtu aliyefumba macho chini ya kibano hana siri. Futa, daftari. Alikuwa nayo moja.

Nesi Rukia hakufurahia aibu yangu. Ningekuwa mimi ningefurahi. Akafungua saraka, akatoa miwani ya marehemu mmoja aliyeiacha spitali, mkono mmoja wa miwani umefungwa uzi mweusi, akanivalisha juu ya chokea yangu, taratibu. Akasema hakuna maradhi hapo. Ni umri, vya mbali utaviona, vya karibu vitakukimbia mpaka mkono usiwe mrefu wa kutosha kuvifuata. Nikautazama mgongo wa mkono wangu. Unywele ulikuwa pale, mrefu, mweusi, umepinda vizuri kwenda nje. Unywele wa haki kabisa.

"Umeuona?" Mize akauliza.

"Nimeuona."

"Basi Jumamosi gari la abiria linaondoka baada ya alfajiri. Wakishanishona, njia yote ile ya mashimo, nani atanishika kichwa?"

"Nesi wako," nikasema. Sikuweza kujizuia, lilitoka lenyewe.

"Nesi ana spitali. Mie n'na wewe."

Bi Chumu akasema ataisimamia nyumba yangu tukiwa Chake, na kuku wangu pia, akipatikana.

Nimemwomba Nesi radhi. Niliiomba fupi, kwa sababu sina uzoefu. Akasema si kitu, na akaniuliza kama nitakuja siku moja na miwani kumfundisha ile kazi ya kuweka unywele mkononi, maana yeye huziweka kwenye kisahani na wagonjwa hawaamini kilichotoka. Nilimwambia nitafikiri. Nimeshafikiri. Nitakwenda, lakini si wiki hii, asije akadhani nilikuwa nangoja kuulizwa.

Sijapona wivu. Jumamosi nitapanda gari mapema nishike mahali pa pembeni, ili kichwa kile kisiwe na paja jingine la kuegemea.

Sasa mwanga umebaki kidogo kabla ya Maghrib, na miwani iko puani. Nimeizunguka nyumba nikiwa nayo. Kofia iliyorudishwa ni kweli imekwenda upogo, mteja alinisitiri. Matundu ya sindano ni yale yale. Mistari yako, daftari, ni buluu, na mimi nimekuwa nikiandika juu yake, chini yake na katikati yake kama mtu aliyelewa.

Nikafungua jalada, nimtafutie Nesi ule mfupa wa ndani ya kope.

Kwanza niliona mafuta ya bizari. Kisha nikaona zile nywele za kope, ndefu, zilizonyooka mstari mmoja, nilizozitazama miaka miwili. Kila moja mwisho wake una neno la Kiingereza. Si nywele, ni mistari ya kuonyeshea majina. Nikaona mfupa, na kweli ni mfupa. Nikavua kiatu, nikaweka mguu kwenye mkeka na ukurasa kando yake, nikatazama huku na huku.

Ni picha ya ukucha wa kidole gumba cha mguu.